Sheria Ndogo za Milimani: Kutoka Vugha hadi Baraza la Madiwani Lushoto

Sheria ndogo ni kanuni ambazo mamlaka ya mahali hujitungia kwa ajili ya watu na ardhi ya mahali hapo, chini ya sheria kuu za nchi. Mijini huzungumzia taka, masoko na vibanda vya barabarani. Katika milima ya Usambara, tangu zamani hadi leo, kanuni za aina hii zimezunguka jambo moja: mteremko. Nani alime wapi, ng'ombe walishwe wapi, mti gani usikatwe, maji ya kijito yachepushwe na nani. Mvua ya masika ikiteremka juu ya shamba lisilo na kizuizi, udongo wa juu huishia kwenye mto, na kosa la mwenye shamba la juu humfikia aliye bondeni kabla ya jioni. Kwa hiyo historia ya sheria ndogo za Lushoto, wilaya ya milima hiyo, ni historia ya udongo, na pia ni historia ya swali lingine lililo zito zaidi: nani alikuwa amekaa kwenye kikao siku kanuni ilipopitishwa.

Kabla ya ukoloni, kikao hicho kilikuwa Vugha, makao ya wafalme wa ukoo wa Kilindi. Ukoo huo ulianzishwa katika karne ya 18 na Mbegha, mwindaji aliyetoka milima ya Nguu, na ulifika kilele chake chini ya Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862 baada ya kutawala eneo lililoteremka kutoka milimani hadi kukaribia pwani. Kimweri aliwaweka wanawe kuwa mazumbe, yaani machifu, wa sehemu mbalimbali, huku wazee wasio wa ukoo wa kifalme wakiwa washauri wake. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa. Palikuwa na mabaraza ya kusikiliza kesi, kulikuwa na vichaka vya mizimu visivyoguswa, na kulikuwa na imani kuwa nguvu za mfalme na mvua ya nchi ni kitu kimoja. Wasambaa, wenyeji wa milima hii, walikuwa na maneno mawili ya kueleza uhusiano huo. Mfalme mwenye nguvu, asiye na mpinzani, alileta mvua na chakula: hilo ni kuzifya shi, kuiponya nchi. Wakubwa walioshindana na kutambiana kwa uganga waliikausha: hilo ni kubana shi, kuiharibu nchi. Msamiati huu unastahili kushikwa vizuri, maana ndio uliotumika karne nzima baadaye kupimia sheria za wageni.

Wajerumani waliufanya mji wa Lushoto kuwa makao ya wilaya na kuuita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao. Kwa upande wa ardhi, walichokiacha kikubwa ni mipaka. Mashamba ya walowezi yalipimwa, na kuanzia amri ya misitu ya mwaka 1904 sehemu kubwa za misitu zikatengwa kuwa hifadhi za serikali. Mti wa mwerezi wa Shume uliteremshwa kwa waya hadi Mkumbara kwenye reli, wakati mkulima jirani akikatazwa kupanua shamba lake upande huohuo. Mipaka ile, kwa sehemu kubwa, ndiyo inayoonekana hadi leo pale msitu wa Magamba unapokoma ghafla na mahindi kuanza.

Waingereza walikuja na mbinu tofauti. Gavana Donald Cameron aliyeanza kazi mwaka 1925 aliamini katika kutawala kupitia watawala wa asili, na sheria ya mwaka 1926 ikawapa machifu mamlaka ya kutoa amri na kutunga kanuni katika maeneo yao: kuhusu pombe, ukataji miti, uchafuzi wa maji na mengineyo. Kimaandishi, hapa ndipo sheria ndogo za Usambara zilipozaliwa. Ufalme wa Kilindi ulirudishiwa heshima yake, ukapewa hazina na mahakama. Ila kanuni nyingi zilitoka mezani kwa bwana shauri, ofisa wa Kiingereza wa wilaya, zikapita mkononi mwa mfalme kwa ajili ya sahihi, kisha zikashuka kwa mazumbe. Zumbe yuleyule aliyetangaza kanuni ndiye aliyeisimamia, na ndiye aliyekaa barazani kumhukumu aliyeivunja.

Mtihani wa mfumo huo ulikuja Mlalo. Bonde la Mlalo, kaskazini mwa mji wa Lushoto, lilikuwa limejaa watu, na maofisa wa kilimo walikuwa wameona makorongo yakichimbika kwenye miteremko yake. Mwaka 1946 ulianzishwa mpango wa kuokoa ardhi ya bonde hilo. Wasiwasi wa maofisa haukuwa wa bure. Mmomonyoko ulikuwepo na wenyeji waliuona pia. Mgogoro ulitokana na dawa iliyoletwa. Kanuni ziliagiza mashamba ya miteremko yapigwe matuta ya kukinga mteremko, yaliyofungwa kwa vikingo vifupi katikati ili maji yasimame ndani kama kwenye visanduku. Miteremko mikali zaidi ilikatazwa kulimwa mahindi na mazao mengine ya msimu. Moto wa kusafisha shamba ulipigwa marufuku, na malisho yakawekewa mipaka.

Ili kuelewa kilichofuata, tuta lenyewe litazamwe kwa karibu. Jembe la mkono linaingia kwenye udongo wa mteremko, mlimaji amesimama mguu mmoja juu ya mwingine, anavuta udongo kutoka chini na kuupandisha, pumzi inakatika. Akimaliza mstari mmoja, anaanza kujenga vikingo. Kazi ya jembe katika nyumba nyingi za Usambara ilikuwa ya wanawake, na msimu wa kupiga matuta ulikuwa ndio msimu wa kupanda, hivyo saa iliyoingia kwenye tuta ilitoka kwenye mahindi na maharage ya mwaka huo. Kuchimba kwa kina kulifukua udongo mwekundu usio na rutuba na kuuweka juu. Na mvua kubwa ilipozidi uwezo wa visanduku, tuta la juu lilipasuka, likalivunja la chini yake, na maji yaliyokusanywa kwa taabu yakateremka yote kwa mkupuo. Kulikuwa pia na suala la haki. Tajiri mwenye mashamba mengi angeweza kuacha kipande cha mteremko kipumzike. Mjane mwenye kipande kimoja, nacho kiko mteremkoni, angekula nini? Juu ya hayo yote ulienea wasiwasi kuwa ardhi ikishatengenezwa vizuri itachukuliwa na Wazungu, na kwa watu waliowahi kuona mashamba ya walowezi yakipimwa milimani mwao, wasiwasi huo haukuwa upuuzi.

Watu hawakupeleka malalamiko yao kwa ofisa wa kilimo. Waliyapeleka Vugha. Walimtaka mfalme, Shebughe Magogo, ajiuzulu kwa kuwa alikubali mpango huo, na mwaka 1947 aliachia kiti. Mantiki yao ilikuwa ileile ya kale: mfalme ambaye chini yake watu wanaumizwa na ardhi yao wenyewe haiponyi nchi, anaibana. Akawekwa Kimweri Mputa Magogo. Mpango, hata hivyo, haukuondoka na mfalme. Kuanzia mwaka 1950 ulipanuliwa kutoka bonde la Mlalo hadi Usambara nzima, na mabaraza ya mazumbe yakajaa kesi za watu wasiopiga matuta. Wapo waliotozwa faini, wapo waliofungwa.

Hali kama hiyo ilikuwa ikichemka sehemu nyingine za Tanganyika. Katika milima ya Uluguru, amri ya kuchimba matuta ya ngazi ilizaa ghasia za Matombo mwaka 1955, na serikali ikalazimika kurudi nyuma. TANU, chama cha kudai uhuru kilichoundwa Julai 1954, kilipofika Usambara kilikuta nusu ya kazi imeshafanyika: wakulima walioshtakiwa kwa ajili ya matuta hawakuhitaji kufundishwa maana ya kutawaliwa bila ridhaa. Kufikia mwaka 1958 mpango wa Usambara ulikuwa umeachwa. Matuta yalisawazishwa na majembe yaleyale yaliyoyajenga.

Uhuru uliondoa kwanza watunga kanuni wenyewe. Mamlaka ya machifu yalifutwa kisheria mwaka 1963, na nafasi ya baraza la mfalme ikachukuliwa na halmashauri ya wilaya yenye madiwani. Halmashauri hizo hazikudumu: mwaka 1972 zilivunjwa katika mpango wa Madaraka Mikoani, na kwa muongo mmoja amri zilitoka kwa watendaji wa serikali na chama. Kilichobaki cha maana kutoka kipindi hicho ni kijiji chenyewe. Sheria ya mwaka 1975 ilikifanya kijiji kuwa chombo cha kisheria chenye mkutano wa watu wote na halmashauri yake. Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 ilizirudisha halmashauri za wilaya, zikaanza kazi tena mwaka 1984, na ikaweka ngazi mbili za kutunga sheria ndogo, wilaya na kijiji. Mfumo huo ndio unaotumika mpaka leo.

Kwenye ngazi ya wilaya, rasimu huandaliwa na mwanasheria wa halmashauri pamoja na idara inayohusika, kisha hupelekwa kwenye kamati ya kudumu. Miongoni mwa kamati hizo za halmashauri ya wilaya zimo ya fedha, uongozi na mipango, ya uchumi, ujenzi na mazingira, na ya elimu, afya na maji. Ni katika vyumba vya kamati, mbele ya madiwani wachache wenye makabrasha, ndipo kifungu hubadilishwa kwa kweli. Kikao cha baraza zima mara nyingi hupokea kilichokwisha kukomaa. Wananchi hutangaziwa rasimu ili watoe maoni na pingamizi, halafu rasimu hupitia kwa Mkuu wa Mkoa kwenda kwa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Ikisainiwa na kuchapishwa katika Gazeti la Serikali, inakuwa sheria. Sheria ndogo ya kijiji ina njia fupi zaidi: halmashauri ya kijiji hupendekeza, mkutano mkuu wa wanakijiji wenye umri wa miaka 18 na zaidi hujadili, na halmashauri ya wilaya huidhinisha. Sheria inataka pia robo ya wajumbe wa halmashauri ya kijiji, kwa uchache, wawe wanawake. Kwa mtu anayekumbuka nani alipiga matuta ya Mlalo, na nani hakuulizwa, kifungu hicho kifupi ndicho kikubwa kuliko vyote.

Vyombo hivi vilipata kazi mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulianza mradi wa Tanzania na Ujerumani wa kuhifadhi udongo na kuchanganya miti na mazao, uliojulikana kwa kifupi SECAP, na ukadumu hadi mwaka 2000. Lengo lake lilifanana na la mwaka 1946. Njia ilikuwa nyingine. Badala ya tuta, mkulima alipanda mistari ya majani ya Guatemala kwa kufuata kontua, na miti ya migrivelia katikati. Majani hayo yalikinga udongo, na papo hapo yalikatwa yakawa chakula cha ng'ombe wa maziwa aliyefungwa bandani. Palipokuwa na faida hiyo, kanuni za kuzuia mifugo kuzurura zilipata wa kuzitetea miongoni mwa wakulima wenyewe, maana mbuzi wa jirani sasa alikuwa anakula maziwa ya watoto wa mtu. Palipokuwa na familia isiyo na uwezo wa kununua ng'ombe wa maziwa lakini yenye mbuzi wanne wa kuchunga, kanuni hiyohiyo iliuma. Mkutano wa kijiji ulikuwa, angalau, mahali pa kulisema hilo.

Sheria kuu nazo zimeendelea kuingia kutoka juu. Kodi ya maendeleo, iliyokuwa mzigo mkubwa katika sheria ndogo za fedha, ilifutwa mwaka 2003. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, jambo lililogusa moja kwa moja magunia ya viazi, kabichi na karoti yanayoteremka kupitia Soni kwenda Mombo na Dar es Salaam. Baraza la madiwani halina hiari katika mambo hayo. Hulazimika kurekebisha sheria zake zifuate. Wilaya yenyewe ilihesabiwa kuwa na watu 492,441 katika sensa ya mwaka 2012, na baadaye ikagawanywa katika halmashauri mbili, Lushoto na Bumbuli, hivyo mteremko mmoja unaweza kuwa na sheria ndogo za mabaraza mawili.

Jambo gumu kuliko yote kwa sasa limo katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kwenye nchi tambarare, mita 60 ni ukanda. Katika mabonde ya Usambara, mita 60 kila upande wa kijito zinaweza kumeza bonde zima, na bonde ndimo mboga zinazolipa ada za shule zinamolimwa, kwa ndoo na mifereji, wakati mahindi ya mteremkoni yamekauka. Mikaratusi iliyopandwa karibu na chemchemi imeleta mjadala wa namna hiyohiyo: mwenye mti anahesabu mbao, aliye chini anahesabu madumu ya maji yaliyopungua. Utafiti shirikishi uliofanywa Lushoto kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, katika vijiji kama Kwalei, uliwakalisha pamoja pande hizo mbili kabla ya kuandika kanuni yoyote, na makubaliano yaliyopatikana yalihusu mti upi ubaki, upi uondoke, na upandwe upi badala yake.

Kamati ya madiwani inayopitia rasimu ya sheria ndogo ya vyanzo vya maji mjini Lushoto ina mamlaka ambayo baraza la Shebughe Magogo halikuwa nayo: inaweza kuirudisha rasimu vijijini kabla haijapelekwa kwa waziri. Na mwanakijiji ana haki ya kuisoma kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata au kijiji, na kupeleka pingamizi lake kabla muda uliotangazwa haujaisha.