Lenzi ya Mamangu

Wadau, mamangu ana mtoto wa jicho, na tangu utotoni haoni mbali. Daktari amemuuliza: lenzi ya mbali ama ya karibu? Nyumbani sote tulisema mbali, hadi niliposoma historia.

Harold Ridley aliona vipande vya plastiki ya ndege vikikaa machoni mwa marubani wa vita bila kuleta shida. Baadaye, pale London, akamwekea mama mmoja lenzi ya plastiki. Ilikaa, lakini nguvu ilizidi: mama akatoka haoni mbali kabisa, karibu -18! Siku hizi jicho hupimwa kwanza, ndio maana mtu anaweza kuchagua.

Mamangu ni fundi wa nguo. Yeye hutoa miwani ndio atunge sindano. Jana nimemuuliza. Amesema ya karibu. Baba bado anabisha.