Anayeahidi na Anayebeba

Tarehe 7 Februari 1994, maelfu ya madereva na wapakiaji wa United Parcel Service (UPS), kampuni ya Marekani inayojulikana kwa magari yake ya kahawia, waligoma kwa sababu ya kilo. Mshahara haukuwa hoja siku hiyo. Kampuni ilikuwa imeanza kupokea vifurushi vya hadi pauni 150, karibu kilo 68, ilhali kikomo cha awali kilikuwa pauni 70, takriban kilo 32. Ofisi za mauzo zilikuwa zimeshapata jambo jipya la kumwambia mteja: sasa tunabeba mzigo mara mbili ya ule wa jana. Mwenye kuunyanyua mzigo huo kutoka sakafuni mwa gari, akapanda nao ngazi za nyumba ya mtu, hakuwa ameulizwa.

Mahakama ilikuwa imetoa amri ya kuuzuia mgomo, na wanachama wengi wa chama cha wafanyakazi cha Teamsters waliendelea na kazi. Hata hivyo saa chache zilitosha. Kabla siku haijaisha pande mbili zilikubaliana kwamba mfanyakazi akikutana na mzigo unaozidi pauni 70 ana haki ya kuomba msaidizi. Ikumbukwe kuwa mwongozo wa taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia usalama kazini uliweka kilo 23 kuwa kikomo cha kunyanyua, tena katika hali nzuri kabisa: mzigo uko karibu na mwili, mgongo haujipindi, na kazi hairudiwi mara nyingi. Dereva wa vifurushi hana hata sharti moja kati ya hayo.

Mgomo huo mfupi hauzungumzwi sana, maana ulifunikwa na mkubwa uliokuja miaka mitatu baadaye. Lakini ndio unaoonyesha waziwazi mvutano uliomo ndani ya kila kampuni ya vifurushi, kati ya wanaouza huduma na wanaoitimiza barabarani. Wahenga walisema ahadi ni deni. Katika biashara hii mmoja hukopa, mwingine hulipa.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. James Casey alikuwa na miaka 19 mwaka 1907 alipoanzisha pamoja na Claude Ryan kampuni ya wajumbe iliyokuja kuwa UPS, mjini Seattle, kwa mkopo wa dola 100 na ofisi ndogo ya chini ya ardhi. Waliiita American Messenger Company. Simu ikilia, kijana anatoka mbio kwa miguu au kwa baiskeli kupeleka barua, chakula au begi la mtu. Casey mwenyewe alianza kupeleka vifurushi vya maduka akiwa mtoto wa miaka 11, baada ya afya ya baba yake kuzorota. Alipomwahidi mteja kwamba mzigo utafika kwa nusu saa, alikuwa akiijua nusu saa hiyo kwa miguu yake. Na kijana aliyetumwa alikuwa amesimama palepale, anasikia kila neno analoahidiwa mteja.

Mwaka 1913 Casey na mwenzake waliungana na mshindani wao, Evert McCabe, aliyekuwa na wajumbe wa pikipiki. Wakanunua gari la Ford, wakabadilisha jina, wakaingia katika kazi ya kupeleka bidhaa za maduka makubwa majumbani kwa wateja. Mwaka 1919 walivuka hadi Oakland, California, na huko ndiko jina United Parcel Service lilipozaliwa. Rangi ya kahawia ilikuwa imependekezwa na Charlie Soderstrom, aliyejiunga nao mwaka 1916, kwa hoja kwamba haionyeshi vumbi na ina heshima.

Kwa miaka mingi kampuni haikuhitaji jeshi la wauzaji. Wakuu wakikubaliana na duka moja kubwa, vifurushi vya mji mzima vinafuata. Baadaye, hasa kuanzia miaka ya 1950, UPS ilipoanza kubeba mizigo ya mtu yeyote na kushindana na posta, vita vyake vikubwa vilikuwa mbele ya tume ya serikali iliyosimamia usafiri kati ya majimbo, ikiomba kibali cha jimbo baada ya jimbo. Mpaka 1975 ndipo ilipoweza kuhudumia majimbo yote 48 yanayopakana. Bei nazo zilikuwa zimewekwa wazi kwa kila mtu. Mwenye duka la viatu alilipa kiwango kilekile anacholipa jirani yake. Muuzaji asiye na punguzo la kutoa wala muda wa kubadilisha ana machache ya kuuza.

Katika hali hiyo dereva ndiye aliyekuwa sura ya kampuni. Alivaa sare iliyopigwa pasi, alijua nani amefungua kiwanda mtaani, nani amehama, nani anatuma mizigo kwa kampuni nyingine na kwa nini. Habari hizo zilikuwa mali. Kampuni ililijua hilo, na hata baadaye ilipojenga idara kubwa ya mauzo iliendelea kuwahimiza madereva walete majina ya wateja watarajiwa. Tazama mambo yalivyogeuka hapo: dereva analeta jina, muuzaji anaenda na tai yake kufunga mkataba, kisha dereva yuleyule anaongezewa kituo kimoja zaidi cha kuchukulia mizigo jioni.

Mgeuko mkubwa ulikuja tarehe 1 Julai 1980, Rais Jimmy Carter aliposaini sheria iliyolegeza udhibiti wa usafirishaji kwa malori. Punguzo la bei likawa silaha. Federal Express, iliyoanza kurusha vifurushi kutoka Memphis mwaka 1973, ilikuwa tayari inauza kitu ambacho hakikuwahi kuuzwa kwa namna ile: saa. Mzigo utafika kesho. UPS ikaingia katika soko hilo la mizigo ya ndege ya kufika kesho yake mwaka 1982. Kufikia miaka ya 1990, chini ya mkuu wake Kent Nelson, kampuni iliyozoea bei moja kwa wote ilikuwa imejifunza kukaa na kila mteja mkubwa na kumkatia bei yake, muda wake na masharti yake.

Hapo ndipo palipochimbika ufa. Dereva alikuwa mwanachama wa chama, analipwa kwa saa, na kazi yake imepimwa. Wahandisi wa kampuni waliandika njia 340 za kufanya kazi: ufunguo ushikwe vipi kidoleni, mkono upi ufunge mkanda na upi uwashe gari, hatua ngapi mpaka mlangoni. Muuzaji hakuwa mwanachama wa chama; alikuwa na mshahara wa mwezi, lengo la kufikia na bonasi ya kulifikia. Ahadi yake ilihesabiwa kuwa mafanikio siku mkataba uliposainiwa. Kama mlango wa nyuma wa mteja huyo una ngazi 12, kama mpokea mizigo wake hufunga ofisi mapema, kama barabara ya kwenda kwake hujaa magari saa kumi na moja jioni, hayo yalikuwa matatizo ya ruti, na ruti ilikuwa na mwenyewe.

Haki itendwe kwa upande wa pili. Watu wa mauzo si wavivu wanaokaa kwenye kiyoyozi na kugawa mateso. Bila wateja wanaowapata, dereva hana saa za kulipwa. Wao ndio hupigiwa simu za hasira mzigo ukichelewa, na mpinzani aliye tayari kukata bei zaidi huwa amesimama mlango wa pili. Baadhi yao wanaamini kwa dhati kwamba dereva hukataa kila jipya. Lakini kipimo kilichowatenganisha kilikuwa kimeandikwa na kampuni yenyewe. Ukimlipa mmoja kwa ahadi na mwingine ukamhesabia dakika, umeshawagombanisha kabla hawajajuana majina.

Mpinzani Roadway Package System alichagua njia nyingine. Kampuni hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1985 na baadaye kununuliwa na FedEx, haikuwaajiri madereva. Dereva alinunua au kukodi gari lake, akavaa sare ya kampuni na kuhesabiwa kuwa mfanyabiashara anayejitegemea. Kwa nadharia mvutano ungekwisha, maana kila mzigo mpya ni faida yake. Kwa vitendo kampuni iliendelea kuamua bei, mavazi na namna ya kazi, huku mafuta na matengenezo yakitoka mfukoni mwa dereva. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua kwamba madereva hao wa California na Oregon walikuwa waajiriwa. Mwaka uliofuata FedEx ilikubali kulipa dola milioni 228 kumaliza kesi ya California.

UPS ilibaki na waajiriwa wake, na tarehe 4 Agosti 1997 ilikutana nao barabarani. Wafanyakazi wapatao 185,000 waligoma kwa siku 15. Hoja kuu safari hii ilikuwa ajira za nusu muda: watu waliopakia mizigo alfajiri kwa malipo ya kuanzia ya dola 8 kwa saa, kiwango kilichokuwa hakijapanda tangu 1982. Mameneja walipanda magari wenyewe na kufikisha sehemu ndogo tu ya mzigo. Kilichowashangaza wengi ni wananchi. Katika kura ya maoni ya Gallup, asilimia 55 waliunga mkono wagomaji na asilimia 27 kampuni. Jambo hilo lina maelezo mepesi. Mteja hakuwa akimjua muuzaji aliyemtafutia mkataba mwenye duka, lakini dereva alimjua. Alimwona kila siku mlangoni, na mbwa wake hakumbwekea tena.

Ron Carey, rais wa Teamsters, alikuwa dereva wa zamani wa UPS katika eneo la Queens, New York. James Kelly, mkuu wa kampuni, naye alianza kazi kama dereva mwaka 1964. Watu wawili waliolifahamu gari lilelile walikaa pande mbili za meza. Makubaliano yaliahidi nafasi mpya 10,000 za kazi ya muda wote. Kampuni ikasita baadaye kuzitoa zote kwa madai kwamba wateja waliokimbia wakati wa mgomo hawakurudi, hadi msuluhishi alipoamua upande wa chama. Kwa hiyo hata kushinda kwa madereva kulirudi mezani mwa mauzo: idadi ya vifurushi ndiyo iliyotumika kuwanyima walichopata.

Biashara ya mtandaoni ilipokuja, aliyeahidi alitoka kabisa nje ya jengo. Krismasi ya 2013 inafaa kukumbukwa. Kipindi cha ununuzi kilikuwa kifupi kwa siku 6 kuliko mwaka uliotangulia, hali ya hewa ilikuwa mbaya, na baadhi ya maduka ya mtandaoni yalipokea maagizo hadi dakika za mwisho yakiwahakikishia wateja kwamba zawadi zitafika. Mizigo ikazidi uwezo wa UPS, vifurushi vingi vikalala ghalani siku ya sikukuu, na Amazon ikawagawia wateja walioathirika kadi za zawadi za dola 20. Dereva hakuwa na kadi ya kugawa. Alikuwa na mlango wa kubisha siku iliyofuata na uso wa mtoto aliyekosa zawadi.

Ndiyo maana mikataba ya chama imejaa saa. Kipo kifungu kinachomruhusu dereva kulalamika rasmi akilazimishwa mara kwa mara kuzidi saa 9 na nusu kwa siku. Mwaka 2018, kampuni ilipotaka kuwapelekea wateja mizigo mwishoni mwa wiki, iliundwa daraja la pili la madereva wanaolipwa kidogo kwa kazi ileile. Wengi wa wanachama waliopiga kura waliukataa mkataba huo, ukapitishwa hata hivyo kwa kanuni ya chama iliyotaka theluthi mbili kuukataa iwapo wapiga kura ni wachache. Hasira hiyo iliwafuata viongozi hadi uchaguzi wa chama, ikamweka Sean O'Brien madarakani. Mkataba wa 2023, uliohusu wafanyakazi wapatao 340,000 na kupitishwa kwa asilimia 86.3, ulifuta daraja hilo na kuilazimisha kampuni kuweka viyoyozi katika magari mapya ya mizigo yatakayonunuliwa kuanzia Januari 2024. Biashara hiyo ilikuwa na zaidi ya miaka 100 ndipo dereva alipoandikiwa hewa baridi.

Sasa mvutano umechukua sura mpya. Januari 2025 UPS ilitangaza kwamba itapunguza mizigo ya Amazon, mteja wake mkubwa kuliko wote, kwa zaidi ya nusu ifikapo katikati ya 2026, kwa kuwa faida yake ni ndogo. Aprili ikatangaza kupunguza takriban ajira 20,000 na kufunga majengo 73. Zamani dereva alilalamika kuwa wauzaji wameleta mzigo mno. Leo anauona mzigo ukirudishwa kwa uamuzi ambao, kama ule wa kilo 68, haukupitia kwake. Chama kilijibu kwa kukumbusha kuwa mkataba unaidai kampuni nafasi mpya 30,000.

Mkataba huo unaisha tarehe 31 Julai 2028. Mishahara na viyoyozi vitajadiliwa tena, na ni haki vijadiliwe. Lakini kuna dai moja ambalo mikataba yote ya nyuma imelizunguka bila kuligusa: kwamba kabla ofisi ya mauzo haijamwahidi mteja saa, uzito au siku mpya, dereva wa ruti hiyo aulizwe kama inawezekana, na jibu lake liandikwe. Viongozi wa pande zote mbili walio na nia ya kuepuka mgomo mwingine waanzie hapo.