Kasi ya Pembe: Kiungo cha Mzunguko na Mwendo Mnyoofu

Katika fizikia, kasi ya pembe ni kiasi cha pembe ambacho gimba linalozunguka mhimili hupitia katika kila kizio cha muda, nayo hutofautishwa na kasi ya mstari, yaani umbali unaosafiriwa na nukta fulani ya gimba hilo kwa muda huohuo. Gimba gumu likizunguka, nukta zake zote hupitia pembe ileile kwa wakati mmoja, hivyo kasi yao ya pembe ni moja. Lakini nukta iliyo mbali zaidi na mhimili huchora duara kubwa zaidi, na kwa hiyo hulazimika kwenda mbio zaidi ili ilimalize duara hilo pamoja na zile za ndani. Ndiyo maana istilahi «kasi ya mzunguko» haitoshelezi, kwani yaweza kueleweka kuwa ni mwendo wa ukingo wa gurudumu, ilhali «kasi ya pembe» hutaja bayana kinachopimwa.

Kizio cha pembe kinachofaa hapa ni radiani, neno lililochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1873 katika maswali ya mtihani yaliyotungwa na James Thomson huko Belfast. Radiani moja ni pembe ya kitovuni ambayo tao linaloikabili lina urefu sawa na nusukipenyo cha duara. Ni takriban nyuzi 57.3, na mzunguko mmoja kamili una radiani 2π, yaani 6.28 hivi. Kutokana na fasili hiyo, urefu wa tao lolote ni zao la nusukipenyo na pembe, na pande zote mbili zikigawanywa kwa muda hupatikana mlingano v = ωr, ambapo v ni kasi ya mstari, ω ni kasi ya pembe, na r ni umbali kutoka kwenye mhimili.

Dunia huzunguka kwa kasi ya pembe ya radiani 0.0000729 kwa sekunde, iwe Nanyuki au London. Hata hivyo, Nanyuki, iliyo kwenye Ikweta, iko umbali wa kilomita zipatazo 6,380 kutoka kwenye mhimili, hivyo husafiri mita 465 kwa sekunde, wakati London, iliyo karibu zaidi na mhimili huo, husafiri mita 290 tu. Tofauti hiyo ilitumiwa tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya Uhuru iliporushwa kuelekea mashariki kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi: kabla injini haijawashwa, roketi ilikuwa tayari na takriban mita 464 kwa sekunde kati ya zile 7,600 hivi zinazohitajika ili setilaiti ya namna hiyo idumu katika obiti. Mwendo huo hauelekei kwenye mhimili wala hauendi mbali nao, bali hufuata mstari unaogusa duara, na ndio mwelekeo wa kasi ya mstari katika kila mzunguko.