Shahada ya Uzamivu ya Bahari huko Woods Hole

Taasisi ya bahari ya Woods Hole, jimboni Massachusetts nchini Marekani, ilianzishwa mwaka 1930, Henry Bigelow akiwa mkurugenzi wake wa kwanza. Mwaka uliofuata ilipata meli ya utafiti, Atlantis, iliyoundwa Copenhagen.

Upimaji wa bahari wa enzi hiyo ulikuwa kazi ya mikono. Chupa ya shaba yenye vipimajoto iliteremshwa kwa waya hadi kina kilichotakiwa. Kisha kizito kidogo kiliachiwa kiteleze kwenye waya huohuo. Kiliigonga chupa, ikapinduka, na uzi wa zebaki ukakatika papo hapo. Hivyo halijoto ya kilindini ilisomwa sitahani, saa kadhaa baadaye. Bila ufundi huo mahiri, sayansi yenyewe isingekuwapo.

Chuo cha MIT, kwa upande wake, kilikuwa kikifundisha uundaji wa meli tangu 1893. Mwaka 1968 taasisi hizo mbili zilianzisha programu ya pamoja ya uzamivu. Mwanafunzi husoma darasani na kufanya utafiti katika taasisi zote mbili, na shahada yake hutolewa kwa majina ya zote. Ulikuwa uamuzi wa busara, kwani nadharia ya mawimbi haitoshi kwa mtu ambaye hajaona chombo chake kikishindwa baharini.

Mwaka 2005 idara ya uhandisi wa bahari ya MIT iliunganishwa na ya uhandisi wa mitambo. Programu ya pamoja iliendelea.