Queen katika Viwanja vya Majenerali: Ziara ya Amerika ya Kusini, 1981

Katika miaka ya 1970, ziara ya kimataifa ya bendi ya roki nzito, yaani mkondo wa roki unaotegemea magitaa ya umeme yenye sauti kubwa, ngoma za kishindo na mwimbaji awezaye kusikika juu ya vyote hivyo, ilikuwa safari ya njia chache zilizokwisha kuzoeleka. Bendi ilianzia Uingereza au Marekani, ikazunguka miji ya Ulaya Magharibi na Amerika ya Kaskazini, ikavuka kwenda Japani na pengine Australia, kisha ikarudi studio kurekodi albamu nyingine ambayo nayo ingeleta ziara nyingine. Amerika ya Kusini ilibaki nje ya mzunguko huo, si kwa sababu watu wake hawakuupenda muziki huo, bali kwa sababu safari ilikuwa ndefu, forodha ilikuwa na masharti mengi, sarafu zake hazikutabirika, na sehemu kubwa ya bara ilitawaliwa na wanajeshi ambao waliutazama kila mkusanyiko wa vijana kwa jicho la mashaka.

Hata hivyo haingekuwa sahihi kusema kwamba Queen ndio waliokuwa wageni wa kwanza. Alice Cooper alipiga São Paulo mwaka 1974, Genesis walizuru Brazil mwaka 1977, na The Police walifika Buenos Aires mwishoni mwa 1980. Jambo jipya katika ziara ya 1981 lilikuwa ukubwa wake: bendi moja ya kigeni, ikiwa na jukwaa lake lote, taa zake zote na mitambo yake yote ya sauti, ilikwenda kujaza viwanja vya mpira mji baada ya mji, katika bara ambalo biashara ya muziki ilikuwa imeliandika kuwa halifikiki.

Bendi hiyo iliundwa London mwaka 1970. Mpiga gitaa Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor waliungana na mwimbaji Freddie Mercury, na mwaka uliofuata akaja John Deacon, mpiga besi, yaani gitaa la nyuzi nzito linalobeba msingi wa wimbo. Mercury alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, katika familia ya Kiparsi, yaani wafuasi wa dini ya Zoroasta wenye asili ya Uajemi waliohamia India. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, naye kijana alisomeshwa Panchgani, India, kabla ya familia kuhamia Uingereza baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964. Kufikia mwaka 1980 bendi ilikuwa kileleni: albamu ya The Game ilishika nafasi ya kwanza Uingereza na Marekani, na wimbo wa Deacon, Another One Bites the Dust, ulikuwa umepenya hata kwa wasikilizaji ambao kwa kawaida hawakuwa na habari na roki.

Kwa nini Argentina, na kwa nini wakati ule? Sehemu kubwa ya jibu imo katika sarafu. Chini ya José Alfredo Martínez de Hoz, waziri wa uchumi wa serikali ya kijeshi, thamani ya peso ilishikiliwa juu kuliko uwezo halisi wa uchumi, hivyo kwa miaka michache bidhaa za kigeni, safari za nje na hata wasanii wa kigeni vilionekana rahisi kwa mwenye peso mfukoni, na Waargentina wenyewe wakazipa fedha za kipindi hicho jina la fedha tamu. Promota, yaani mfanyabiashara anayegharimia onyesho akitarajia kurudishiwa na mauzo ya tiketi, aliweza kuahidi dola ambazo miaka michache nyuma asingethubutu kuzitaja. Lakini mfumo huo ulikuwa tayari unabomoka: peso ilishushwa thamani mwezi Februari 1981, wiki chache kabla ya bendi kuwasili, na ikashushwa tena na tena mwaka huohuo. Ziara hiyo kwa hiyo ilipita katika mlango uliokuwa ukifungwa, na kama ingecheleweshwa hadi katikati ya mwaka, ni shida kuona nani angeweza kuilipia.

Kazi ya kuihamisha bendi ilikuwa sura ya pekee. Onyesho la mwisho la Japani lilifanyika katika ukumbi wa Budokan, Tokyo, tarehe 18 Februari, na onyesho la kwanza la Buenos Aires lilipangwa tarehe 28 ya mwezi huohuo, hivyo shehena nzito ya vyombo ilibidi ivuke Bahari ya Pasifiki kwa ndege, wakati shehena nyingine ikitokea Marekani. Mafundi walilazimika kusimamisha jukwaa katika viwanja ambavyo havikujengwa kwa muziki, kutafuta umeme wa kutosha kwa taa na vipaza sauti, na kutandika nyasi bandia ili watazamaji wasimame bila kuharibu uwanja wa mpira. Jambo hili la mwisho laweza kuonekana dogo, lakini hakuna klabu ya Argentina ambayo ingekubali nyasi zake zikanyagwe na maelfu ya watu katikati ya msimu wa ligi, na bila ya klabu hizo pasingekuwa na mahali pa kupigia.

Viwanja vyenyewe vilikuwa na historia yake. Uwanja wa José Amalfitani wa klabu ya Vélez Sarsfield mjini Buenos Aires, uwanja wa Mar del Plata na ule wa Rosario vyote vilitumika katika Kombe la Dunia la 1978, mashindano ambayo serikali ya kijeshi iliyatumia kuionyesha dunia nchi yenye amani na furaha, ilhali katika miaka hiyohiyo raia walikuwa wakitekwa, wakiteswa na kupotezwa wasionekane tena. Tume iliyoundwa baada ya demokrasia kurejea iliorodhesha karibu watu 9,000 waliopotezwa, na mashirika ya haki za binadamu yamekuwa yakitaja idadi ya 30,000. Tangu Aprili 1977 akina mama wa waliopotezwa walikuwa wakikusanyika katika uwanja wa Plaza de Mayo, mbele ya ikulu, wakidai watoto wao. Nchi hiyo ndiyo iliyowapokea Queen, na mwandishi yeyote anayeisimulia ziara hii kama sherehe tupu ya muziki anaiacha nusu ya habari.

Maonyesho ya Vélez yalifanyika tarehe 28 Februari na 1 Machi, yakafuatiwa na Mar del Plata tarehe 4, Rosario tarehe 6, na Vélez tena tarehe 8 Machi, ambapo Diego Maradona, aliyekuwa ndiyo kwanza amehamia Boca Juniors, alipanda jukwaani na kuutambulisha wimbo wa Another One Bites the Dust. Picha za siku hiyo zimesambaa mno, kiasi cha kufunika jambo lenye uzito zaidi, nalo ni hadhira. Love of My Life, wimbo wa taratibu ambao Mercury aliutunga kwa ajili ya albamu ya 1975, ulikuwa umepata umaarufu mkubwa Amerika ya Kusini kupitia rekodi ya jukwaani iliyotolewa mwaka 1979. Ulipofika wakati wake, May akiwa na gitaa lisilo la umeme, Mercury aliweza kunyamaza na kuuacha uwanja mzima uendelee na beti za Kiingereza, lugha ambayo wengi wa waimbaji hao hawakuizungumza. Katika nchi ambayo mikusanyiko ya kisiasa ilipigwa marufuku, maelfu ya vijana kuwa mahali pamoja, usiku, wakipaza sauti moja, halikuwa jambo dogo, hata kama maneno waliyoyaimba yalikuwa ya mapenzi tu. Bendi ilileta mitambo na nyimbo, lakini kilichozifanya siku hizo zikumbukwe kilitoka upande wa pili wa jukwaa.

Watawala nao walitaka sehemu yao. Wanamuziki walialikwa kukutana na Jenerali Roberto Viola, ambaye mwishoni mwa Machi alitarajiwa kumrithi Jorge Videla katika urais, na Roger Taylor alikataa, ingawa wenzake katika bendi walikwenda. Msimamo uliotolewa na bendi ulikuwa kwamba wao huwapigia watu, si serikali. Kuhusu Argentina, hoja hiyo ina nguvu kiasi, kwa kuwa hapakuwa na chama wala vuguvugu la wananchi lililowaomba wasanii wa kigeni wasije, na vijana waliojaza Vélez walipata kitu ambacho hakikutengenezwa na majenerali. Lakini kukutana na Viola kulikuwa jambo jingine kabisa, na uamuzi wa Taylor ndio uliostahimili hukumu ya wakati: mwaka 1985 mahakama ya kiraia ilimhukumu Viola kifungo cha miaka 17.

Nchini Brazil, ambayo nayo ilikuwa chini ya wanajeshi tangu 1964, mpango wa kupiga katika uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro, ulikwama kwa kukosa kibali, hivyo nguvu zote zikaelekezwa São Paulo. Tarehe 20 na 21 Machi bendi ilipiga katika uwanja wa Morumbi, na hesabu inayotajwa zaidi ni ya watu 131,000 usiku wa kwanza na zaidi ya 250,000 kwa siku zote mbili, miongoni mwa idadi kubwa kabisa zilizowahi kulipa kiingilio kuitazama bendi moja hadi wakati huo. Awamu ya pili, iliyofanyika Septemba na Oktoba, haikuwa na bahati hiyo. Mjini Caracas maonyesho yaliyosalia yalifutwa baada ya kifo cha rais wa zamani Rómulo Betancourt tarehe 28 Septemba, na huko Puebla, Mexico, sehemu ya watazamaji iliwarushia wanamuziki vitu jukwaani.

Mwezi Aprili 1982 Argentina na Uingereza ziliingia vitani kwa ajili ya visiwa vya Falkland, ambavyo Waargentina huviita Malvinas, na redio za Argentina zikaacha kupiga nyimbo za Kiingereza. Pengo hilo lilijazwa na roki ya Kihispania iliyotungwa na Waargentina wenyewe, ambayo ilikuwa hai kabla ya Queen na ikastawi zaidi baada ya hapo. Upande wa Brazil, somo la Morumbi lilizaa matunda Januari 1985 katika tamasha la siku kumi la Rock in Rio, ambako Queen walirudi pamoja na Iron Maiden, AC/DC na Scorpions. Tamasha likiwa linaendelea, tarehe 15 ya mwezi huo, Tancredo Neves alichaguliwa kuwa rais wa kwanza wa kiraia baada ya miaka 21 ya utawala wa kijeshi.

Kati ya vita hivyo na tamasha hilo bendi ilifanya kosa lililoonyesha mpaka wa hoja yake. Mwezi Oktoba 1984 ilikwenda kupiga Sun City, mji wa starehe uliojengwa Bophuthatswana, eneo ambalo serikali ya ubaguzi wa rangi ya Afrika Kusini ililitangaza kuwa nchi huru mwaka 1977 na ambalo jumuiya ya kimataifa ilikataa kulitambua. Hoja ikarudiwa ileile, kwamba muziki ni wa watu. Safari hii, hata hivyo, watu wenyewe walikuwa wamekwisha kusema: vyama vya ukombozi vilitaka wasanii wasiende, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikuwa limepitisha azimio la kususia utamaduni mwaka 1980, na Tanzania, ambayo Zanzibar alikozaliwa Mercury ni sehemu yake, ilikuwa ikiwahifadhi na kuwasomesha wakimbizi wa ANC, mojawapo ya vyama hivyo, huko Mazimbu, Morogoro. Msaada ambao bendi iliutoa kwa shule ya watoto viziwi na vipofu wa eneo hilo ulikuwa wa kweli, lakini haukuondoa ukweli kwamba aliyekwenda Sun City alivuka mstari uliochorwa na wale anaodai kuwaimbia. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini, na Umoja wa Mataifa ukawaweka katika orodha ya wasanii waliovunja mgomo huo.

Mercury alifariki London tarehe 24 Novemba 1991 kwa maradhi yatokanayo na UKIMWI, na hakuwahi kupanda tena jukwaa la Afrika. Tarehe 29 Novemba 2003, May na Taylor walipiga Cape Town, katika tamasha lililoitishwa na Nelson Mandela kwa ajili ya vita dhidi ya ugonjwa huo.