Damu ya Mwenye Ini Gumu

Zamani tulidhani kwamba ini likiisha kuwa gumu, damu haigandi. Heparini ilijulikana tangu 1916, lakini waganga waliogopa kumpa mgonjwa wa namna hiyo, asije akafa kwa kutokwa na damu. Kumbe damu hiyohiyo huganda katika mshipa mkubwa uendao toka matumboni mpaka kwenye ini!

Mwaka 2012 waganga wa Italia walitoa habari za wagonjwa 70. Kwa majuma 48, wagonjwa 34 walichomwa enoksaparini kila siku: hakuna aliyezibwa mshipa. Kati ya 36 wasiochomwa, 6 walizibwa. Wala dawa haikuzidisha kutokwa na damu.

Leo mshipa ukiziba, waganga huchungua kwanza mishipa ya umio, kisha huamua juu ya dawa. Basi tusiifuate hofu bila kuipima.