Anguko la Dola na Sauti ya Msimulizi: Strandes na Wareno wa Mombasa

Swali la kwa nini dola huanguka ni kongwe katika taaluma ya historia. Kwa mhakiki wa fasihi, swali hilo huzaa jingine: ni nani anayelisimulia anguko hilo, na kwa ajili ya nani? Makala hii inanuia kulichunguza swali la pili kwa kukirejelea kitabu cha Justus Strandes kuhusu enzi ya Wareno katika Afrika Mashariki, kilichochapishwa Berlin mwaka 1899 na kutolewa kwa Kiingereza mwaka 1961.

Tuanze na kichwa chenyewe. Strandes, mfanyabiashara Mjerumani aliyewahi kuishi katika pwani hii, anaiita nchi anayoizungumzia Afrika Mashariki ya Kijerumani na ya Kiingereza. Kwa hiyo, kabla msomaji hajafungua ukurasa wa kwanza, nchi imekwisha kupewa jina la wenye kuitawala wakati wa kuandikwa kwa kitabu, si wakati wa matukio yanayosimuliwa. Wareno wanaondoka jukwaani, Wajerumani na Waingereza wanaingia. Mwenyeji ni jukwaa lenyewe. Hivyo basi, anguko la dola moja linasomeka kama funzo kwa dola changa. Kinaya ni kwamba utawala wa Wajerumani haukudumu hata miaka ishirini baada ya kitabu kutoka.

Hatukusudii kumbeza Strandes. Kazi yake ya kuzikusanya na kuzipanga nyaraka za Kireno ingali na manufaa, na mfululizo wa matukio ni bayana. Ujenzi wa Ngome ya Yesu ulianza mwaka 1593, wakati Ureno ilipokuwa chini ya mfalme wa Uhispania (1580–1640). Hormuz ilipotea mwaka 1622 na Malacca mwaka 1641. Maskati ilitwaliwa na Waomani mwaka 1650, na miaka miwili baadaye majahazi yao yakawashambulia Wareno Unguja. Kuzingirwa kwa Ngome kulianza Machi 1696 na kumalizika Desemba 1698. Wareno walirejea mwaka 1728, wakafukuzwa tena mwaka uliofuata.

Hata hivyo, orodha ya ngome zilizopotea si maelezo kamili ya anguko. Nyaraka hizo ziliandikwa na manahodha, magavana na mapadre. Mwenyeji huonekana humo kama mwasi, mshirika au mlipa kodi. Tumchukue Yusuf bin Hasan. Alilelewa na kubatizwa Goa, akapewa jina la Jerónimo, kisha akarudishwa Mombasa kutawala. Agosti 1631 alimuua kapteni wa Ngome na kuirejea dini ya wazee wake. Katika barua za watawala wake, huyu ni msaliti. Lakini mtu aliyepewa jina jipya, dini mpya na kiti cha enzi kisicho na mamlaka anastahili kusomwa kama mhusika mwenye mgogoro wa nafsi, wala si kama ajali iliyoisibu dola.

Wala tusiiruke hatari hii kwa kutumbukia katika nyingine, ya kudai kwamba wenyeji wote walisimama upande mmoja. Wakati wa mzingiro wa 1696–1698, Bwana Daud wa Faza alipigana ndani ya Ngome pamoja na Wareno, na Malkia Fatuma wa Unguja aliwapelekea chakula. Kila mji ulikuwa na hesabu zake.

Pwani nayo ilikuwa na utanzu wake wa kusimulia maanguko. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anayatazama magofu ya Pate na kuihutubia nafsi yake. Strandes anatafuta sababu. Mshairi anatafuta ibra. Tofauti iliyo kubwa zaidi ni kwamba mshairi anaomboleza mji ulio wake, naye yumo ndani ya hasara hiyo. Mwanahistoria wa 1899 anaihesabu hasara ya wengine.

Suala hili haliwahusu watu wa pwani peke yao. Mwaka 1992, John Lamphear alichapisha utafiti wake kuhusu Waturkana na utawala wa kikoloni, akiegemea kwa kiasi kikubwa masimulizi ya wazee. Mwaka huohuo kambi ya Kakuma ilianzishwa, na mwaka 2016 yakafunguliwa makazi ya Kalobeyei. Leo hapo wanaishi Waturkana pamoja na wakimbizi kutoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo na kwingineko, ambao wengi wao wameshuhudia dola zikitikisika. Habari zao aghalabu huandikwa katika ripoti za mashirika, jinsi habari za Mombasa zilivyoandikwa katika barua za manahodha. Mwanafunzi wa Kalobeyei anayemsoma Strandes hana budi kuuliza ni nani asiyesikika katika waraka, na kuyakusanya masimulizi ya wazee wake wangali hai. Yusuf bin Hasan hakupata wa kumkusanyia yake.